Jibu la mtaalamu: Wifi yangu wa Arusha anataka kuniazima jina lake nifungue duka. Nikubali?

Swali: "Wakili, nina karakana ndogo Kariobangi, Nairobi. Tunasaga viungo vya chai na kutengeneza siagi ya karanga. Tuko watu tisa, nina alama ya ubora ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na maduka mawili. Wateja wa Arusha wamekuwa wakinunua kwa wingi na kuvusha mpakani Namanga, kwa hivyo nimeamua kufungua duka huko, pamoja na chumba cha nyuma cha kusagia na kufungasha. Kaka yangu ameoa Mtanzania na wanaishi Arusha. Wifi amesema tuandikishe kila kitu kwa jina lake: leseni, TIN (namba ya mlipakodi), akaunti ya benki, kwa sababu mimi mgeni nitasumbuliwa. Tutaandikiana barua pembeni kwamba mali ni yangu, naye nitamlipa kitu kila mwezi. Mshauri mmoja hapa Nairobi anasema hata hilo halihitajiki, kwamba tukiwa Jumuiya moja ya Afrika Mashariki naweza kufungua duka popote. Mwingine anasema yote mawili ni jela. Tayari nimemtumia wifi pesa za kodi ya miezi sita, ila bado hajamlipa mwenye nyumba, ambaye anadai kwa dola. Nimwamini nani? Na je, kuna mengine sijayafikiria, maana lugha ni moja na watu ni wale wale?"

Jibu: Dada, kabla hujaendelea kusoma, mpigie wifi umwambie asilipe hiyo kodi kwanza. Akishapokea pesa mwenye nyumba, mazungumzo yanageuka kuwa madai, na mengi ya ninayokueleza hapa ni rahisi kuyafanya pesa ikiwa bado mkononi mwa wifi.

Nikikuelewa vizuri, hofu yako ni moja ingawa umeiuliza kwa namna tatu: unataka kufuata wateja wako bila kuipoteza biashara uliyoijenga. Mshauri wako wa kwanza amekosea. Wa pili amekaribia ukweli, ila amekutisha bila kukuelekeza njia, na njia zipo.

Tuanze na Jumuiya. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na ndani yake kweli imo haki ya raia wa nchi mwanachama kwenda kuanzisha shughuli za kiuchumi katika nchi nyingine mwanachama. Watu wengi husoma hapo wakafunga kitabu. Lakini itifaki ile ina viambatisho, na humo kila nchi iliandika ni sekta zipi inafungua, lini, na kwa masharti gani. Tena mkataba wa kimataifa haumpi afisa biashara wa halmashauri pale Arusha mamlaka ya kukupa leseni ambayo sheria ya nchi inamkataza kuitoa. Yeye anafungua sheria ya Tanzania na amri zake, basi.

Na amri ipo. Mwishoni mwa Julai 2025, Waziri wa Viwanda na Biashara wa Tanzania alitoa amri chini ya Sheria ya Leseni za Biashara inayowakataza wasio raia kufanya aina 15 za biashara. Ilikuja baada ya malalamiko ya muda mrefu, hasa ya wafanyabiashara wa Kariakoo, Dar es Salaam, kwamba wageni wameshuka mpaka kwenye rejareja. Kwenye orodha hiyo wamo mawakala wa kutuma pesa kwa simu, mafundi wa simu, saluni zisizo za hotelini au za kitalii, waongoza watalii, wachimbaji wadogo na madalali. Wewe ukiisoma utajikuta mara tatu. Biashara ya jumla na rejareja imekatazwa, isipokuwa supamaketi na maduka maalumu ya jumla ya wazalishaji wa ndani: hapo duka lako limeingia. Kumiliki au kuendesha viwanda vidogo na vidogo sana kumekatazwa: hapo kimeingia kile chumba cha nyuma. Na kama ulikuwa na wazo la kushuka vijijini Dodoma au Singida kununua karanga kwa mkulima, ununuzi wa mazao shambani nao umo.

Adhabu ya asiye raia ni faini isiyopungua shilingi milioni 10 za Tanzania au kifungo kisichozidi miezi sita, pamoja na kufutiwa viza na kibali cha ukaazi. Mshauri wako wa pili aliishia hapo. Amri inaendelea na kumgusa raia anayemsaidia mgeni kufanya biashara iliyokatazwa: faini ya shilingi milioni 5 au kifungo cha miezi mitatu. Huyo raia, kwa mpango mlioupanga, ni wifi yako.

Serikali ya Kenya ililalamika amri ilipotoka, ikasema inakwenda kinyume na itifaki. Kwa maoni yangu hoja ile ina uzito. Amri imewaweka kapu moja mfanyabiashara mkubwa kutoka ng'ambo na mama wa Namanga ambaye bibi yake amezikwa upande wa pili wa mpaka. Lakini hoja ya namna hiyo hujadiliwa na mawaziri, au hupelekwa Mahakama ya Afrika Mashariki, ambayo kwa bahati makao yake yako papa hapa Arusha. Usiipeleke wewe kwa akiba yako na pasipoti yako. Mtanzania anayekwenda kuwekeza Nairobi naye anakutana na vibali na masharti yake. Hii si nongwa ya upande mmoja.

Sasa jina la wifi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo ninapoona watu wengi wakiumia, na wengi wao ni ndugu wanaopendana kweli.

Watu hudhani barua ya pembeni ni bima. Mnakaa sebuleni, mnaandika kwamba duka ni la fulani ingawa leseni ina jina la fulani, mashahidi wawili wanatia saini, mnapiga picha. Tatizo ni kwamba Sheria ya Mikataba ya Tanzania inasema makubaliano ambayo lengo lake limekatazwa na sheria ni batili. Siku mkikosana, ukienda nayo mahakamani utakuwa unamwomba hakimu akusaidie kutekeleza mpango wa kukwepa amri ya serikali, tena kwa ushahidi wa maandishi ulioutia saini mwenyewe. Barua ambayo ingekulinda ndiyo inayokuumbua. Na msipoiandika, huna chochote.

Kama mtafungua kampuni badala ya jina la biashara, kuna jambo jingine. Tangu mabadiliko ya mwaka 2020, kampuni za Tanzania zinatakiwa kuwasilisha BRELA, wakala wa usajili wa biashara, taarifa za wamiliki manufaa, yaani wale watu halisi wanaofaidika na kuidhibiti kampuni, hata kama majina yao hayamo kwenye hisa. Wifi akijiandika peke yake huku pesa na maamuzi yanatoka Kariobangi, amewasilisha taarifa za uongo. Benki nayo itamuuliza hizo fedha zinazoingia kila wiki kutoka Kenya ni za nini.

Halafu kuna maisha yenyewe. Nimewahi kushika jalada la mirathi ambamo duka la vipodozi, lililokuwa kwa kweli la mtu wa nchi jirani, liliorodheshwa kama mali ya marehemu. Watoto wa marehemu hawakuwa na nia mbaya. Walikuta leseni ya baba, TIN ya baba, akaunti ya baba na stoo imejaa. Ulitaka waandike nini kwenye fomu? Yule mwenye pesa alifika msibani akiwa na daftari lake la hesabu, na hakuna mtu pale aliyekuwa na sababu ya kumwamini. Kwako kuna tawi lingine la balaa: kaka yako na wifi wakiachana, Mungu apishie mbali, mali iliyochumwa ndani ya ndoa inaweza kugawanywa na mahakama chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Watakaogawana duka lako watakuwa hao wawili. Wewe hutakuwa hata mdaawa kwenye kesi hiyo.

Upande wa wifi ni mbaya zaidi, na nina wasiwasi hajaelezwa. Kodi ikikadiriwa, TRA, mamlaka ya mapato, itakadiria TIN yake. Mfanyakazi akiachishwa kazi ovyo, atakayeitwa CMA, tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi, ni yeye. Siagi ya karanga ikimdhuru mteja, TBS, shirika la viwango la Tanzania, watagonga mlango wake. Haya yote kwa "kitu kila mwezi". Mnapofikia hatua ya mtu mmoja kubeba hatari yote na mwingine kuchukua faida yote, suala si la sheria tena, ni la haki kati ya ndugu wawili, na hata kama amri ile ingefutwa kesho bado ningekuuliza kama hilo ni jambo la kumfanyia mke wa kaka yako.

Basi ufanye nini? Njia ninayoipendekeza inaanza na wifi huyo huyo, ila kwa kweli badala ya kivuli. Biashara iwe yake. Afungue yeye duka la vyakula na viungo, kwa leseni yake, mtaji wake au mkopo wake, na wewe umuuzie mzigo kwa bei ya jumla kama unavyowauzia wale wateja wanaokuja sasa. Mkataba wa usambazaji unaandikwa: bei, kiwango cha chini cha kununua kwa mwezi, siku za kulipa, nani anabeba mzigo ulioharibika, eneo gani anauza peke yake, na mkataba unaishaje. Hiyo ni biashara halali kabisa kati ya msafirishaji wa Kenya na mfanyabiashara wa Tanzania.

Utajuaje kama ni ya kweli au mmebadilisha tu karatasi? Jiulize maswali ambayo afisa yeyote mwerevu atauliza. Duka likila hasara, nani analala njaa? Wifi akitaka kuuza na asali ya Tabora rafu ya pembeni, anahitaji ruhusa yako? Pesa ya mauzo ya Jumamosi inalala kwenye akaunti ya nani, na nani anaweza kuitoa? Kama majibu yote yanarudi kwako, basi bado ni duka lako lenye jina la mtu mwingine. Kama yanabaki kwake, ni lake, na lazima ukubali kwamba ni lake. Najua hilo ndilo gumu kumeza. Utakuwa unapata faida ya mwenye kuzalisha tu, si ya rejareja. Lakini piga hesabu kwa uaminifu: kodi ya fremu, mishahara, leseni, safari zako za kila mwezi na usiku usiolala, ukitoa vyote hivyo kwenye faida ya rejareja kinabaki nini?

Usimuonee aibu ndugu kwa kudai maandishi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na hawakusema isipokuwa ya wifi.

Sasa mzigo wenyewe. Wateja wako wamekuwa wakivusha kwa mafungu madogo, na yumkini wengine hawakutangaza chochote. Ukianza kupeleka wewe kwa mkataba, utaratibu lazima unyooke. Bidhaa zenye asili ya Afrika Mashariki huvuka bila ushuru wa forodha, ila VAT ya asilimia 18 inalipwa kuingia Tanzania Bara. Ili upate msamaha wa ushuru unahitaji cheti cha uasili wa bidhaa. Kwa mzigo usiozidi dola 2,000 kuna cheti kilichorahisishwa, kinachotolewa pale pale mpakani, kwa bidhaa zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, na kwa kuanzia kinaweza kukutosha.

Hapa nina swali ambalo hukulitaja: iliki na pilipili manga yako unanunua wapi? Siagi ya karanga ina njia nyepesi, kwa sababu karanga imegeuzwa kuwa kitu kingine. Viungo ni habari tofauti. Kanuni za uasili hazihesabu kuchanganya au kufungasha tu kuwa ni uzalishaji wa kutosha. Kama iliki imetoka India au Guatemala, ukaisaga na kuichanganya Kariobangi, usidhani moja kwa moja kwamba pakiti hiyo imekuwa mtoto wa Afrika Mashariki. Ukitangaza uasili usio wa kweli, deni la ushuru linaweza kurudishwa nyuma kwa mizigo yote iliyopita, tena kwa jina la aliyeingiza, ambaye ni wifi. Muulize afisa wa KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, anayetoa vyeti kabla hujapakia, ukiwa na risiti za malighafi mkononi. Na kumbuka kwamba iliki inalimwa pia kwenye milima ya Usambara na Morogoro, na karafuu iko Zanzibar. Kununua kwa mfanyabiashara Mtanzania mwenye leseni na kusafirisha kihalali kunaweza kukutatulia uasili, na huo si ununuzi wa shambani.

Upande wa ubora, vyakula na vipodozi Tanzania viko chini ya TBS tangu 2019, si TFDA, mamlaka ya chakula na dawa, kama zamani. Sheria ya viwango ya Jumuiya inataka alama za ubora za nchi wanachama zitambuliwe, kwa hiyo KEBS yako ina thamani, lakini usajili wa bidhaa na wa jengo la kuuzia bado unafanyika TBS. Fuatilia sumukuvu, yaani sumu itokanayo na ukungu, kwa macho mawili. Kiwango cha Afrika Mashariki kwenye karanga ni mikrogramu 10 kwa kilo kwa sumukuvu zote, na 5 kwa ile ya aina ya B1. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu hiyo hiyo, na huku watu hawajasahau. Mzigo wa siagi ya karanga kutoka Kenya ukipatikana na sumukuvu Arusha, usitegemee huruma. Pima kila fungu, hifadhi cheti cha maabara pamoja na namba ya fungu, na mpe wifi nakala.

Baada ya mwaka mmoja au miwili, mauzo yakikua, kile chumba cha nyuma kinaweza kurudi kwa sura nyingine. Mtanzania mwenye kiwanda kilichosajiliwa, awe wifi au mtu mwingine, anaweza kufungasha kwa resipe na nembo yako kwa mkataba wa leseni, akakulipa mrabaha, yaani malipo ya kutumia resipe na nembo hiyo. Kabla ya hilo, na kwa kweli kabla ya katoni ya kwanza kuuzwa, sajili alama yako ya biashara BRELA kwa jina lako. Usajili wa Kenya haukulindi Tanzania. Kwa Bara usajili hudumu miaka saba, kisha huhuishwa kwa miaka kumi kumi. Zanzibar ina daftari lake, kwa hiyo ukitaka kuuza Unguja ni maombi mengine. Watu huogopa jela wakasahau hili, na ndilo linaloua biashara nyingi kimya kimya: msambazaji anasajili nembo kwa jina lake "ili kuilinda", kisha mwenye nembo anaomba ruhusa ya kutumia jina la bidhaa yake mwenyewe. Kuhusu mrabaha, jua kwamba anayekulipa kutoka Tanzania atakata kodi ya zuio ya asilimia 15 kabla ya kukutumia. Weka hilo kwenye bei na usimgombeze.

Njia ya kuwa mwekezaji mkubwa ipo pia. Sera ya viwanda vidogo ya Tanzania ya mwaka 2003 inahesabu kiwanda kuwa kidogo kikiwa na wafanyakazi mpaka 49 na mtaji mpaka shilingi milioni 200. Kuanzia hapo ni cha kati, na mlango wa mgeni unakuwa mwingine. Kwa karakana ya watu tisa sikushauri ukimbilie huko ili tu kukwepa orodha.

Umeuliza kama lugha moja inatosha. Haitoshi, na wakati mwingine ndiyo inayodanganya, kwa sababu ukienda Ethiopia unajua uko ugenini. Ukija Arusha unajiona nyumbani mpaka pale mambo yanapokwama na huelewi kwa nini.

Chukua bidhaa yako yenyewe. Mchanganyiko wako wa viungo umetengenezwa kwa chai ya Kenya, maziwa na majani yakichemshwa pamoja. Nyumba nyingi huku asubuhi zinakunywa chai ya rangi, na kiungo kinachokaa vizuri kwenye maziwa kinakuwa kikali mno kwenye maji matupu. Siagi ya karanga huko kwenu ni ya kupaka mkate. Huku mama wa nyumbani anajua pia karanga za kusaga za kuungia mchicha na kisamvu, na hizo hazitakiwi kuwa na sukari wala chumvi. Mpe wifi sampuli zisizo na sukari, na pakiti ndogo ya kumtosha mtu wiki moja, mjaribu kwa akina mama wa Soko Kuu na Kilombero. Wale wateja wanaovuka Namanga ni watu waliokwisha kuipenda bidhaa yako. Hawakuambii kitu kuhusu wale ambao hawajawahi kuionja. Na maandishi ya Sheng' kwenye pakiti, hata kama yanachekesha Nairobi, yaondoe.

Namna ya kuendesha mazungumzo nayo ni tofauti. Mkenya wa biashara huingia na bei kabla hajakaa. Huku salamu haifupishwi, na aliyekuzidi umri huamkiwa kabla ya hoja yoyote. Ukimuuliza mwenye duka kama atachukua katoni kumi naye akasema "tutawasiliana", usimwandike kwenye hesabu. Wafanyakazi wakikemewa mbele ya wateja hawatakujibu, watakaa kimya, na mwezi ujao hawapo. Sisemi kwamba Watanzania hawana haraka ya pesa. Nenda Kariakoo saa kumi na mbili asubuhi uone. Nasema kwamba heshima ni sehemu ya malipo, na msambazaji wako atapimwa nayo kila siku. Jambo dogo la vitendo: wifi akafike ofisi ya serikali ya mtaa na kwa mtendaji wa kata kabla ya kufungua, si baada ya kuitwa.

Kuna siku mtu atawaambia kwamba karatasi itatoka haraka mkitoa ya soda. Msitoe. Sheria ya Tanzania ya kupambana na rushwa ya mwaka 2007 inamshika mtoaji kama mpokeaji, na Sheria ya Hongo ya Kenya ya mwaka 2016 inamfuata raia wa Kenya hata kwa kitendo alichofanya nje ya mipaka. Pia inazitaka kampuni binafsi kuwa na taratibu za kuzuia hongo kulingana na ukubwa wake. Kwa karakana yako, ukurasa mmoja unaosema malipo yote ya serikali hupitia namba ya malipo na risiti unatosha kuanzia. Mkiombwa, ombeni namba ya malipo ya serikali. Waombaji wengi huishia hapo. Asiyeishia hapo, TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, wanapokea simu bure kwa namba 113.

Na wewe mwenyewe ukija kumfundisha wifi na vijana wake, tofautisha kutembelea na kufanya kazi. Kukaa naye mkahawani mkapitia hesabu ni jambo moja. Kuvaa aproni na kuuza kaunta wiki mbili kwa hati ya matembezi ni kosa la uhamiaji, hata kama hulipwi. Kwa mafunzo halisi omba kibali cha muda mapema, na kila fundi wako kutoka Nairobi aombe chake.

Haya yote ni maelezo ya jumla. Mahali unapohitaji mtu wa ana kwa ana ni hapa: kabla ya kutia saini mkataba wa usambazaji, muone wakili wa Tanzania, kwa sababu wakili wa Nairobi, hata awe hodari vipi, hana ruhusa ya kufanya kazi ya uwakili Tanzania Bara. Jina lake litafute kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama uone kama leseni yake ni hai. Wifi naye awe na wakili wake, si huyo huyo wako. Na muone haraka zaidi, wiki hii, kama kuna fomu yoyote tayari imewasilishwa BRELA, TRA au halmashauri kwa mpango ule wa zamani, au kama barua ya pembeni imeshatiwa saini. Usiichane wala usiandike nyingine ya tarehe ya nyuma. Mpelekee wakili kama ilivyo. Amri yenyewe inaweza kurekebishwa wakati wowote, kwa hiyo mwombe akuoneshe toleo linalotumika siku hiyo.

Kuhusu zile pesa za kodi: zirudi kwako, au mkiamua kwamba duka ni la wifi kweli, ziandikwe kuwa malipo ya awali ya kitu kinachojulikana. Usiziite mkopo kabla wakili hajaangalia, maana mikopo kutoka nje ya nchi ina taratibu zake za Benki Kuu. Mwenye nyumba anayedai dola mwambieni kwa upole kwamba kanuni za Machi 2025 zimekataza kutoza bei kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani, na kwamba mtalipa kwa shilingi, kwa benki, mkishapata mkataba wenye jina la mpangaji halisi. Na muda wa kuanzia wa upangaji ombeni uwe miezi mitatu.